Kutafuta wankambo katika hati za udongo

Wazee wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wanasema tena: mwacha asili ni mtumwa. Methali hizi mbili tunazitumia kila siku, lakini ni mara chache tunaziweka pamoja. Kama daftari njo inachunga habari ya mali, ni nini inachunga habari ya asili? Na kama daftari yenyewe iliandikwa na yule mwenye alinyanganya mali ya babu yangu, je, inafaa nitafute jina la babu yangu ndani yake? Ni haki kumushukuru mwizi kwa sababu alihesabu vizuri vitu vyenye aliiba?

Ulizo hili tutalijibu kwa kuangalia inchi mbili za Ulaya: Ayalandi, yenye masomoni tulizoea kuita Irlande, na Uskoti, yaani Écosse. Huko, na pia Marekani, Kanada na Australia kwenye watoto wa inchi hizo walihamia, watu wengi sana wanatafuta ukoo wao katika hati za mashamba na katika arshive. Tumechagua hao kwa sababu kwao ulizo letu limekwisha kupita miaka mia tatu, na karatasi zenyewe zingali ziko. Tena tutaona, mbele ya kumaliza, kwamba mambo yao yaligusa hata udongo wetu wa Congo.

Ulimi ulitangulia karatasi

Mutu asifikiri kwamba wazungu walizaliwa na kalamu mkononi. Wagaeli, ni kusema wenyeji wa zamani wa Ayalandi na wa milima ya Uskoti, walikuwa na wazee wenye kazi yao ilikuwa kuchunga ukoo kichwani. Kazi hiyo ilitoka kwa baba ikaenda kwa mwana. Mwaka 1249, wakati Alexander III aliwekwa kuwa mfalme wa Uskoti pale Scone, muzee mumoja wa milimani alisimama mbele yake akamuhesabia wankambo wake kwa Kigaeli, jina moja kisha lingine. Sisi wenye tunajua lukasa ya Waluba, ule ubao wa shanga wenye watu wa Mbudye walikuwa wanausoma kwa vidole ili kukumbusha mambo ya wafalme, hatuwezi kushangaa.

Katika miaka 1649 na 1650, kule Galway, mwanachuoni Dubhaltach Mac Fhirbhisigh, wa jamaa yenye ilikuwa inachunga historia kwa vizazi vingi, aliandika sehemu kubwa ya buku yake ya koo za Ayalandi. Wakati huo vita ilikuwa inapasua inchi. Wakubwa wa Kigaeli wenye walikuwa wanalisha kazi ya namna hiyo walikuwa wanaanguka, na vichwa vyenye vilichunga majina vilikuwa vinapungua. Yeye aliandika kwa kupenda ukoo. Wenye walikuja nyuma yake waliandika kwa kupenda udongo. Tofauti hiyo njo kiini cha maneno yetu yote.

Buku yenye majina mawili

Nyuma ya vita ya Cromwell, serkali ya Uingereza ilinyanganya Wakatoliki wa Ayalandi mashamba mengi, ikayagawia waaskari na wale wenye walikopesha franga za vita. Ili kugawa, ilipashwa kupima. William Petty aliongoza kazi ya kupima na kuchora karte kati ya 1656 na 1658. Kisha makarani wakatengeneza mabuku yenye, kwa kila shamba, yalionyesha jina la mwenye shamba katika 1641 na, pembeni yake, jina la yule mwenye alipewa. Mabuku hayo yalisaidia serkali kulipisha kodi. Wachunguzi wa historia wamehesabu kwamba Wakatoliki walikuwa na karibu 59 kwa mia ya udongo wa Ayalandi katika 1641, 22 kwa mia katika 1688, na 14 kwa mia katika 1703.

Tuangalie vizuri kazi ya karani yule. Hakutaka kumukumbuka mwenyeji. Alitaka kumaliza habari yake. Lakini ili kusema «shamba hili sasa ni la fulani», alipashwa kusema kwanza «lilikuwa la fulani». Unyanganyi wa usiku hauachi karatasi. Unyanganyi wenye kutaka heshima ya sheria unalazimika kuandika jina la yule mwenye uliumiza. Hivi mjukuu wa mwenye kunyanganywa anaweza leo kufungua ukurasa na kusoma: babu alikuwa hapa.

Ofisi ya Dublin

Mwaka 1704 Bunge la Dublin, lenye lilikuwa la Waprotestanti peke yao, liliweka sheria ya kukataza Mukatoliki kununua udongo, ao kupanga shamba kwa zaidi ya miaka 31. Mukatoliki akikufa, shamba lake lilipashwa kugawanywa kati ya wana wake wote. Lakini kama mwana mukubwa aligeuka Muprotestanti, yeye peke yake alichukua yote. Ni sheria yenye iliingiza kisu ndani ya nyumba, kati ya ndugu na ndugu.

Mwaka 1707 Bunge hilohilo likatunga sheria ya kuanzisha ofisi ya kuandikisha hati za udongo, na katika 1708 ofisi ikafungua milango. Sheria yake haikuficha nia: ilisema ni kwa kuzuia hila katika kuuziana mashamba, zaidi sana hila za Wakatoliki. Kazi ilikwenda hivi: mwenye hati alileta muhtasari wake, mashahidi wawili wakaweka mikono, na mumoja wao alipashwa kuwa alishuhudia hati yenyewe. Karani alinakili yote katika buku kubwa. Kuandikisha hakukuwa lazima, lakini mwenye kuandikisha alimutangulia mbele ya sheria yule mwenye hakuandikisha.

Kumbe ndani ya hati hizo kuna maisha ya jamaa. Kulikuwa mikataba ya kupanga shamba kwa uzima wa watu watatu: mupangaji alitaja watu watatu, na mukataba uliendelea mpaka wa mwisho wao akufe. Alitaja nani? Mara nyingi watoto wake wadogo, pamoja na miaka yao, ili mukataba udumu. Wengine walitaja watoto wa mfalme, kwa sababu kifo cha mwana wa mfalme hakiwezi kufichwa. Kulikuwa tena mapatano ya ndoa, yenye kutaja bibi-arusi, baba yake, kaka zake, na mali yenye alileta. Mwenye kutafuta ukoo akiangukia hati moja ya namna hiyo, anaweza kupata vizazi vitatu kwa siku moja.

Kisha ukaja moto. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya arshive ya taifa yenye ilikuwa pale Four Courts, Dublin, ililipuka na kuungua. Hesabu za watu za 1821, 1831, 1841 na 1851 ziliisha karibu zote, pamoja na wasia za watu wa miaka mingi na regista nyingi za ubatizo, ndoa na maziko za Kanisa la Kianglikana. Hesabu za 1861 mpaka 1891, serkali yenyewe ilikuwa imekwisha kuziharibu. Lakini ofisi ya hati za udongo ilikuwa mahali pengine, haikuungua. Basi chombo chenye kilitengenezwa kwa kubana sehemu kubwa ya wenyeji kimebaki kati ya vyombo vyenye wajukuu wa inchi nzima wanakimbilia.

Udongo na jiwe

Uskoti ilikuwa na njia yake, na watu wenye kupenda mila wataisikia vizuri. Zamani huko, karatasi peke yake haikumupa mutu shamba. Mutu wa muuzaji alisimama juu ya shamba lenyewe na kumupa munuuzi, ao mutu mwenye alimutuma, udongo na jiwe mkononi, mbele ya mashahidi. Kama ni haki ya kuvua samaki, walipeana wavu na mtumbwi. Notere aliandika tu kile chenye macho yaliona. Tendo hilo liliitwa sasini. Tangu 1617 sheria iliomba maandishi hayo yaingizwe katika regista ya serkali ndani ya siku 60, na regista hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka mia tatu, mpaka regista mupya ya udongo ikaanza kuichukulia nafasi katika 1981. Lakini tangu 1845 haikuwa tena lazima kwenda shambani. Jiwe likaondoka, karatasi ikabaki peke yake.

Tena, mpaka 1868, mutu wa Uskoti hakuweza kutoa udongo kwa wasia. Udongo ulimwendea mwana mukubwa. Kama hakuna mwana, mabinti waligawana. Murizi alihakikishwa mbele ya baraza la watu wenye kuapa: huyu ni mwana wa fulani, mjukuu wa fulani. Ulimi wa muzee wa Scone ulikuwa umeingia tribinali. Na mwanamuke mwenye kuolewa, katika hati za Uskoti, aliandikwa mara nyingi kwa jina la baba yake pamoja na la mume wake. Kwa hiyo ukoo wa mama haupotei. Hilo ni jambo lenye hata mabuku mengi ya koo zetu, yenye tunaandika wenyewe, hayafanyi.

Wenye hawamo

Sasa tufike mahali penye maumivu. Regista ya udongo inataja mwenye udongo. Katika jimbo la Sutherland, kaskazini ya Uskoti, kati ya 1807 na 1821, maelfu ya watu walifukuzwa katika mabonde yao ili kondoo wapate nafasi. Fungua regista ya wenye mashamba: utakuta jina la bibi mukubwa wa jimbo, hautakuta wale wenye nyumba zao zilichomwa. Majina yao unayatafuta pengine: katika mabuku ya kulipisha wapangaji, na katika karatasi za tribinali zenye kuwaamuru waondoke, kwa sababu ili kumufukuza mutu kwa sheria, lazima umutaje.

Ayalandi ni hivyohivyo. Kati ya 1823 na 1837 mulimaji aliandikwa jina, juu alipashwa kulipia Kanisa la Kianglikana, hata kama yeye ni Mukatoliki. Kati ya 1847 na 1864 Richard Griffith na watu wake waliandika majina ya wenye kukaa katika nyumba na mashamba ya inchi nzima, ili kujua kodi yenye inawezekana kutoka. Kuanzia 1849, wakati mashamba ya mabwana wenye kufilisika yaliuzwa, majina ya wapangaji yalichapishwa, ili munuuzi ajue watamuletea franga ngapi. Na sehemu ya hiyo ilikuwa katika miaka ya njaa kubwa, 1845 mpaka 1852, yenye iliua karibu watu milioni moja na kusukuma wengine zaidi ya milioni moja ngambo ya bahari.

Tuseme basi wazi: maskini anaingia katika karatasi siku yenye anadaiwa ao siku yenye anafukuzwa. Siku zake zingine zote, alizaa, alilima, aliimba, alizika watu wake, karatasi ilinyamaza. Na kuna wale wenye hata deni hawakuwa nalo: mutumishi wa shamba, mwombaji, mutoto, mujane mwenye kukaa kwa watu. Hao hawamo hata kidogo.

Makosa mawili

Mbele ya karatasi za namna hii, watu wanaanguka katika makosa mawili.

Wa kwanza anasema: tuache karatasi za watesi, zina uchafu wa mikono yao. Tunamusikia, na hasira yake ina haki. Lakini anasahau jambo moja. Nia ya karatasi ni ya mwenye kuandika. Jina lenye kuandikwa si lake. Jina lile alilitoa mama siku mutoto alizaliwa. Karani alilikuta tu, akalitia katika buku yake kwa kazi yake mwenyewe. Mjukuu mwenye kulichukua tena haombi sadaka kwa mwizi: anarudisha nyumbani kitu cha nyumbani. Na akikataa kulichukua, mwizi anabaki na udongo pamoja na jina.

Wa pili anasema kinyume: karatasi ni kweli yote, mwenye haandikwi hakuwako. Huyu anatuogopesha kupita wa kwanza. Atafanya nini na hati zenye zilidanganya kwa huruma? Maana katika Ayalandi ya miaka 1700 kulikuwa Waprotestanti wenye walikubali kuandikisha shamba kwa jina lao ili kumuchungia rafiki ao jirani Mukatoliki, wakijua kwamba shamba si lao. Karatasi inasema ni la Muprotestanti. Kweli ilikuwa katika neno lenye wawili walipeana, na neno halikuandikwa, kwa sababu kuandikwa kwake kungeleta hasara. Mwenye kusoma karatasi tu atageuza wema wa jirani kuwa mali ya jirani. Vilevile katika milima ya Uskoti: wapangaji wengi walichukua jina la mukubwa wa udongo wenye walikaa juu yake, bila kuwa damu yake. Leo mjukuu kule Kanada anaona jina lake na la ukoo mukubwa ni moja, anafurahi kuwa mutoto wa wafalme; labda babu yake alikuwa mwenye kuchunga ngombe za mfalme tu. Na iko haya gani ndani yake? Mwenye kuchunga ngombe pia ni babu.

Sisi tunashika njia ya katikati, lakini si ya kuyumba. Karatasi ya mwenye kunyanganya ni shahidi. Shahidi hafukuzwi kwa sababu hatumupendi, na haaminiwi kwa sababu anasema kwa sauti kubwa. Anaulizwa: nani alikutuma? Ulikuwa unatafuta nini? Nani alikuwa chumbani na wewe hukumutaja? Kisha maneno yake yanawekwa pembeni ya maneno ya wazee, ya regista za parokia, ya majina ya vijito na vilima, mpaka yote yashikamane ao yagombane mbele yetu.

Udongo wetu pia

Tumeahidi kuonyesha kwamba mambo haya hayakubakia Ulaya. Robert Torrens alizaliwa Cork, katika Ayalandi. Alihamia Australia ya Kusini, na huko, katika 1858, alipitisha sheria mupya: kuandikwa katika regista ya serkali njo kunatoa haki ya udongo, si mufululizo wa hati za zamani. Njia hiyo iliingia Congo wakati wa Leopold II, na sertifika yenye tunapewa leo na konservateri ni mjukuu wake. Mbele yake, tarehe 1 Julai 1885, amri ilikuwa imekwisha kusema kwamba ardhi zenye ziko wazi zihesabiwe kuwa za Serkali. Tulinganishe. Buku ya Ayalandi ilikuwa na majina mawili, la mwenye kunyanganywa na la mwenye kupewa. Kwetu, mara nyingi, mbele ya jina la kwanza kulikuwa neno moja tu: wazi.

Jambo la pili linatoka kwa Roger Casement, mwenye alizaliwa karibu na Dublin katika 1864. Akiwa konsuli wa Uingereza, katika 1903 alipanda muto Congo, akaandika maneno ya watu wenye walitendewa ukatili kwa sababu ya mpira. Ripoti yake ilichapishwa katika 1904. Lakini ofisi ya London iliondoa majina ya watu na ya mahali, ikaweka herufi. Labda kuna mwenye kusema ilikuwa kwa kuwachunga. Hata vile, matokeo ni moja. Mjukuu wa huku mwenye kufungua ripoti ile yenye ilichapishwa anakuta babu yake amekuwa herufi. Watu wa Ayalandi wana majina bila maisha. Sisi, katika kurasa zile, tuna maisha bila majina. Wote wawili tunatafuta nusu yenye ilipotea.

Kazi yenye inatungojea

Kutoka hapa tunaona wajibu wa namna tatu.

Kwanza, tunapoandika ukoo tuseme neno limetoka wapi: kwa muzee, kwa hati, ao kwa regista ya parokia. Mwenye kuja nyuma yetu ana haki ya kumuuliza shahidi yeye mwenyewe.

Pili, tuandike wale wenye hawakuwa na shamba: wajane, wapangaji, wageni wenye walipokelewa, watoto wenye walilelewa, na mama zetu kwa majina ya baba zao. Kama hatuwaandiki sisi, tutakuwa makarani wa namna ileile, na udhuru hatuna.

Tatu, na hii ni nzito zaidi: ukoo usiwe panga. Sisi wa huku tunajua namna ulizo «babu yako alitoka wapi?» linaweza kumwaga damu. Lakini ulizo hilohilo linaweza kufungua mulango. Sheria ya Ayalandi inakubali kwamba mutu mwenye nkambo yake mumoja alizaliwa katika kisiwa kile anaweza kuandikishwa kuwa mwananchi, hata kama yeye alizaliwa ngambo. Cheti cha kuzaliwa cha nyanya maskini, mwenye aliondoka bila kitu, kinamurudisha mjukuu wake nyumbani. Karatasi ni moja. Mutu mwenye kuishika njo anaigeuza panga ao ufunguo.

Na kwa kumaliza, fundisho la moto wa 1922. Katika 2022, miaka mia moja kisha moto ule, Ayalandi ilifungua kwenye intaneti arshive yenye kukusanya nakala za maandiko yenye yaliungua, zenye ziliokoka katika arshive zingine, hata za inchi zingine. Kilichookoka kiliokoka kwa sababu nakala yake ilikuwa katika nyumba ingine. Basi mwenye bado ana muzee nyumbani, amuulize mwaka huu, asingoje wa kesho. Aandike kwa ruhusa yake. Kisha atoe nakala mbili, na azilaze katika nyumba mbili.